Muimbaji kapotea, fidla imebaki: kununua, kutumia na kutibu MP3 ya mfukoni

Bi mkubwa mmoja wa mtaani kwetu Malindi, Unguja, aliniletea MP3 yake kaifunga kwenye pindo la kanga, kama mtu aliyebeba dawa. "Mwanangu, muimbaji kaondoka. Wamebaki wapigaji tu." Nikatia hedfoni masikioni. Kweli. Fidla zipo, ganuni ipo, dumbak inasikika kwa mbali kama inapigwa nyumba ya pili, lakini muimbaji hayupo. Nikaisukuma pini ya hedfoni ndani mpaka ikalia "tiki", na muimbaji akarudi pale pale alipokuwa. Bi mkubwa akanitazama kama anavyotazamwa mganga.

Dawa hiyo nimeieleza kwa urefu huko chini. Nimeanza nayo kwa sababu vicheza muziki vingi vinavyolala kwenye madroo ya nyumba zetu havijafa. Vilinunuliwa bila kuonjwa, vikatiwa nyimbo ovyo, kisha vikasingiziwa ubovu.

KWA NINI UNUNUE, NA SIMU UNAYO?

Swali la haki. Jibu linategemea unasikiliza nini na wapi.

Taarab asilia haina haraka. Wimbo mmoja unaweza kuchukua robo saa, na simu haina adabu: inaita katikati ya kiitikio, inaleta ujumbe, inamaliza chaji kabla ya safari kwisha. Kicheza muziki cha vitufe hufanya kazi moja tu, na vingi hucheza saa 10 au zaidi kwa chaji moja. Aliyeishi Unguja kati ya Disemba 2009 na Machi 2010, umeme kutoka Bara ulipokatika kwa miezi mitatu, hana haja ya kuelezwa maana ya kifaa kinachokula chaji kidogo.

Kinawafaa zaidi watu hawa:

☐ Mzee anayetaka vitufe vya kubonyeza, si kioo cha kutelezesha.
☐ Mtoto wa madrasa anayehifadhi, ambaye mama yake hataki kumpa simu yenye intaneti.
☐ Msafiri wa meli ya usiku ya Pemba.
☐ Mwanafunzi wa muziki anayetaka kurudia kipande kimoja cha udi mara hamsini.

Lakini kama nyimbo zako zote unazisikiliza mtandaoni na hukuhifadhi hata moja, usinunue. Vicheza muziki vya bei ya chini havina intaneti. Utakuwa umenunua sanduku tupu.

AINA TATU UTAKAZOKUTANA NAZO

Ya kwanza ni kile kidude cha kubana kwenye shati, hakina kioo, kinakula memori kadi. Ni rahisi na chepesi, ila huwezi kuchagua wimbo: unabonyeza mbele, unabonyeza nyuma, mpaka uufikie. Kwa mwenye nyimbo ishirini si tabu. Kwa mwenye mia tano ni adhabu.

Ya pili ina kioo kidogo na vitufe, kumbukumbu yake ya ndani, na mara nyingi tundu la memori kadi pia. Hii ndiyo ninayomshauri kila anayeniuliza.

Ya tatu ni ile ya kioo kizima, inayofanana na simu. Sauti yake inaweza kuwa nzuri sana, na bei yake pia ni ya kukutoa jasho. Humo humo utaziona iPod za mtumba. Apple ilitangaza kuacha kuzitengeneza mwaka 2022, kwa hiyo yoyote utakayoikuta betri yake imeshakula chumvi. Halafu iPod huitii nyimbo kwa kunakili faili tu. Inataka programu yake kwenye kompyuta. Kama huna kompyuta, ipite.

KISANDUKU: HESABU YA NAFASI

Ubora wa sauti ya MP3 hupimwa kwa namba. Kubwa maana yake sauti safi zaidi na faili nzito zaidi.

• Namba 128: dakika moja ni karibu MB 1. Wimbo wa dakika 15 ni kama MB 14 hadi 15. GB 8 hubeba nyimbo kama hizo 500 hivi.
• Namba 320: dakika moja ni MB 2.4. Wimbo huo huo ni MB 36. GB 8 hubeba kama 200.

Nyimbo zilizotoka kwenye kanda za zamani hazizidi uzuri kwa kupewa namba kubwa; mkwaruzo wa kanda ndio utakaousikia vizuri zaidi. Weka namba kubwa kwa rekodi mpya za studio.

Na usidharau GB 8. MPMan, kicheza MP3 cha mfukoni cha kwanza kuuzwa madukani, kilichotoka Korea Kusini mwaka 1998, kilianza na MB 32. Hizo ni nyimbo mbili za taarab. Ukitaka ya tatu, ufute moja.

DUKANI: ONJA KABLA HUJALIPA

Ukitoka Malindi, Darajani na Mlandege ni mwendo wa miguu, na maduka ya simu na vifaa vyake ni mengi mpaka macho yanachoka. Ndiyo maana ya kwenda na vitu vyako. Sauti ya kifaa kigeni kwenye hedfoni ngeni haikwambii chochote.

Beba: hedfoni unazozizoea, waya wa kuchajia, na memori kadi yenye nyimbo tatu. Mmoja uwe mtulivu sana, mmoja mrefu, na mmoja uwe na jina lililoandikwa kwa herufi za Kiarabu.

1. Salimia, sema unachotafuta, na sema mapema kuwa utajaribu kabla ya kuzungumza bei. Muuzaji mwenye mali nzuri hakasiriki. Anayekwambia "hii imefungwa, haifunguliwi" muage kwa wema.

2. Washa. Bonyeza kila kitufe mara kumi. Kinachokwama dukani hakitapona nyumbani.

3. Tia pini ya hedfoni, kisha uizungushe taratibu huku wimbo unacheza. Ukisikia mikwaruzo, tundu limelegea. Rudisha.

4. Cheza wimbo ule mtulivu, kwa mfano taksim ya udi peke yake. Pale mpigaji anaponyamaza kati ya nyuzi ndipo kifaa kinapojisema: kibaya hutoa "shiii" kama mafuta yanayopata moto. Kwenye muziki wa kelele hutaisikia, na ndiyo maana wauzaji hupenda kukuchezea muziki wa kelele.

5. Cheza wimbo mrefu, uusimamishe katikati, uzime, uwashe tena. Je, umeendelea pale ulipoachia? Kwa mtu wa taarab au wa mawaidha ya saa nzima, hili ni kubwa kuliko rangi na umbo.

6. Tazama lile jina la Kiarabu. Vikitokea visanduku vitupu, kifaa hakijui herufi hizo. Wimbo utacheza, lakini hutajua ni upi.

7. Chomeka waya wa chaji, uone alama ya betri inacheza.

8. Dai risiti yenye tarehe, aina ya kifaa na muda wa dhamana, iliyoandikwa, si ya mdomo. Bila risiti hata ukienda kulalamika kwenye Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, utakwenda na maneno matupu.

TAHADHARI: KUMBUKUMBU YA UONGO

Hapa na mimi nimeliwa. Nilinunua memori kadi iliyoandikwa GB 64, bei ya kuokota. Nikaitia nyimbo siku nzima, na kompyuta ikanionesha GB 64 kweli. Zile za mwanzo zikacheza vizuri. Baada ya hapo, majina yapo, urefu wa wimbo upo, sauti hakuna. Kadi ilikuwa na GB 8 tu ndani yake; imefundishwa kusema uongo. Kinachozidi GB 8 inakipokea kwa uso mkunjufu, halafu inakimwaga, au inakiandika juu ya vilivyotangulia.

Kumbukumbu ya ndani ya kicheza muziki pia inaweza kudanganya hivi hivi. Ipime siku ile ile uliyonunua, dhamana ikiwa hai:

1. Ijaze mpaka ikatae.
2. Cheza nyimbo za mwanzo, za katikati na za mwisho, zote mpaka kati yake.
3. Ukiwa na kompyuta ya Windows, tumia programu ya bure ya H2testw. Inaijaza kadi, kisha inasoma kila ilichoandika na kukwambia ukweli wa kiasi chake. Inachukua muda, iache ifanye kazi usiku.

KUTIA NYIMBO ZIKAE KWA MPANGO

Makosa mengi yanaanzia hapa, na hakuna linaloudhi kama hili la mpangilio. Mtu anatia sura zote 114 za Qur'ani, anabonyeza, baada ya Al-Fatiha inafuata sura ya 10, halafu ya 100, ya 101, na Al-Baqara anaikuta mbali huko. Kifaa hakijakosea. Hakihesabu namba kama sisi, kinasoma herufi moja moja kutoka kushoto: 1, kisha 10, kisha 100, ndipo 2.

Dawa ni kuanza kila jina kwa tarakimu tatu: 001, 002, 003, mpaka 114. Kwa nyimbo zisizofika mia, tarakimu mbili zinatosha.

Kuna vifaa vibishi zaidi, hasa vile visivyo na kioo. Hivyo havitazami jina kabisa. Vinafuata nani katangulia kuingia kwenye kadi. Kwa hivyo:

1. Tengeneza folda kwenye kompyuta, uzipange nyimbo zote humo kwa namba.
2. Safisha kadi, iwe tupu kabisa.
3. Nakili faili kwa kufuata zamu, folda moja baada ya nyingine. Ukiziburura zote kwa pamoja, kompyuta inaweza kuzipeleka kwa mpangilio wake.
4. Usichomoe waya mpaka kompyuta ikwambie ni salama. Kuchomoa ghafla ndiko kunakozaa faili nusu na kadi isiyosomeka.

Folda ziwe fupi majina na zisizidi tabaka mbili. "Ikhwani", "Siti", "Kidude", "Qaswida" zinatosha.

Nyimbo uzipate wapi? Yapo maduka yanayokujazia kadi kwa bei ya chai na andazi. Nayajua, na najua kuwa muimbaji hapati hata thumni humo, ingawa Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki tangu 2003. Kuna na hasara yako mwenyewe: kompyuta inayoingiza kadi mia kwa siku ni kama mswaki wa mtaa mzima. Virusi ninavyovikuta mara kwa mara huzificha folda zako na kuweka vijishale badala yake. Nikiweza, nanunua diski kwa wenyewe, kwenye maonesho au kwenye vilabu vyao. Malindi tuna bahati. Nadi Ikhwani Safaa, kilabu cha taarab kilichoanzishwa mwaka 1905, watu walikizoea kwa jina la mtaa wetu, na chuo cha muziki cha nchi za jahazi, DCMA, kilifungua milango mwaka 2002 katika jumba la zamani la forodha, hatua chache kutoka bandarini.

KANDA ZA BIBI: KUZIHAMISHA

Katika sanduku la nyumba nyingi za Mji Mkongwe kuna kanda za harusi, za maulidi, na za nyimbo zilizorekodiwa kutoka redioni, ambazo hazipo popote pengine duniani. Unyevu unazila kila masika. Hamisha sasa.

1. Tafuta redio kaseti inayofanya kazi. Safisha kichwa chake kwa pamba na spiriti ya hospitali.
2. Ipeleke kanda mbele mpaka mwisho na uirudishe, bila kucheza. Hii huachanisha tabaka zilizogandana.
3. Nunua waya wenye pini ya hedfoni ncha zote mbili. Ncha moja kwenye tundu la hedfoni la redio, ya pili kwenye tundu la kuingizia sauti la kompyuta.
4. Fungua programu ya bure ya Audacity na ubonyeze kitufe chekundu cha kurekodi.
5. Punguza sauti ya redio mpaka kipimo kisigonge mwisho hata pale anapopaza. Sauti iliyopasuka haishoneki.
6. Kaa usubiri. Kanda ya dakika 60 huchukua dakika 60. Hakuna njia ya mkato.
7. Kata vipande, vipe majina, hifadhi kwa MP3. Nakala ya pili weka mahali pengine.

Kanda yenyewe usiitupe.

MASIKIO, CHUMVI NA JUA

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi saa 40 kwa wiki kwenye sauti ya desibeli 80. Ukipanda mpaka 90, zinabaki saa 4 tu kwa wiki nzima. Kicheza muziki hakikuoneshi desibeli, kwa hivyo tumia kipimo cha nyumbani: sauti isipite sehemu 6 kwa 10, na mtu aliyekaa pembeni yako asisikie unachosikiliza. Hatari kubwa ni kwenye daladala, ambako unaipandisha ili ushindane na injini na redio ya dereva. Afadhali hedfoni za mpira zinazoziba sikio, na sauti ibaki chini. Na ukiwa unavuka Darajani, toa moja. Bodaboda haipigi honi mara mbili.

Sisi wa pwani tuna adui wa pili, upepo wa chumvi. Kwangu, ukielekea bandarini, pini iliyoachwa dirishani mwezi mmoja hupata kutu ya kijani. Hifadhi kifaa kwenye mkebe wenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vidogo vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya. Kisilale kwenye dashibodi ya gari. Joto huvimbisha betri. Ukikiweka muda mrefu bila kutumia, kiache na chaji nusu.

Kikirowa: zima papo hapo, usichaji, toa kadi, futa, kiweke mbele ya feni siku mbili. Ndani ya mchele usikitie. Unga wa mchele unaingia kwenye matundu, na mchele wenyewe utakuwa umeupoteza.

KIKIGOMA

Muimbaji hasikiki, ala zipo. Tazama pini ya hedfoni. Yenye mistari miwili myeusi ni ya kusikilizia tu. Yenye mitatu ni ya simu, ina na njia ya maikrofoni. Pini isipozama vizuri, au isipopatana na tundu, waya wa pamoja wa masikio mawili hukosa mahali pa kushika. Hapo sauti ya kushoto na ya kulia zinafutana, na kinachofutika ni kile kilicho sawa pande zote mbili. Muimbaji hurekodiwa katikati, ndiye anayeondoka. Kwenye rekodi za zamani zilizochukuliwa kwa njia moja, wimbo mzima unakaribia kupotea. Sukuma pini mpaka mwisho. Ukishindwa, ivute unywele mmoja. Au bonyeza kitufe cha maikrofoni bila kukiachia: sauti ikirudi, tafuta hedfoni za mistari miwili.

Sikio moja limekufa. Jaribu hedfoni nyengine kabla ya kumwendea fundi. Mara nyingi ni waya uliokatika karibu na pini. Ikiwa ni tundu, safisha kwa kijiti cha pamba chenye spiriti kidogo, kifaa kikiwa kimezimwa, na usubiri kikauke.

Hakiwaki. Kichaji saa nzima kabla ya kukihukumu; betri iliyokauka kabisa huchelewa kuonesha uhai. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 15 bila kuachia. Vingine vina kitundu kidogo kama cha sindano. Bonyeza humo kwa ncha ya pini.

Hakichaji, na waya ni mpya. Kama waya una pini bapa ya mviringo ncha zote mbili, tatizo linaweza kuwa hilo. Vifaa vingi vya bei ya chini havijui kuzungumza na chaja za aina hiyo. Tumia waya wa zamani, wenye ncha moja pana ya mstatili, na chaja ya kawaida ya simu ndogo.

Kadi haisomeki. Kadi ya zaidi ya GB 32 huja na mpangilio wa exFAT, na vicheza muziki vidogo vingi vinajua FAT32 tu. Nunua ya GB 32 au chini ya hapo. Kama ilikuwa ikisoma jana, itoe, ifute kwa kitambaa kikavu, irudishe.

Kinaganda kila kikifika wimbo fulani. Faili hiyo ni mbovu. Ifute, utie nyengine.

Yote yameshindikana. Nakili nyimbo zako kwenye kompyuta kwanza, ndipo ukifomati kwa menyu ya kifaa chenyewe.

Mgongo umevimba au kioo kimeinuka. Hiyo ni betri. Zima, usichaji, usibonyeze, usitoboe, na usimwachie mtoto. Mpelekee fundi akiwa dukani kwake mchana, umwambie kabla hajakifungua. Akikwambia betri mpya inakaribia bei ya kifaa, toa kadi yako na umwachie maiti yake. Vitufe na tundu la hedfoni atavitumia kwa mwengine. Betri yenyewe isiende jaani pamoja na maganda ya ndizi, maana pale jaani huwa kuna mtu anachoma moto.